Kobe wa kijani kwenye kona ya dirisha

Ndugu Mshauri,

Salamu nyingi. Naomba msaada kabla sijatoa akiba yangu yote kununua kompyuta nyingine.

Ninajifunza kuandika programu nyumbani, na masomo yangu yanataka mfumo endeshi wa Linux. Kompyuta hii ya mezani tunaitumia familia nzima, kwa hiyo niliiacha Windows 11 mahali pake, nikasakinisha VirtualBox, programu inayounda kompyuta ya kuigiza (mashine pepe) ndani ya kompyuta, na ndani yake nikaweka Ubuntu 24.04, aina mojawapo ya Linux. Prosesa ina viini vinne, RAM ni gigabaiti 16. Windows inakaa kwenye SSD (diski ya kasi) ndogo, na mashine pepe nimeiweka kwenye diski ngumu ya zamani kwa sababu huko ndiko kuna nafasi.

Miezi mitatu ya mwanzo nilifurahi. Kisha yakatokea mambo mawili ndani ya wiki moja. Somo jipya lilitutaka tuwashe ile Linux inayokaa ndani ya Windows yenyewe, WSL 2, nikaiwasha. Wiki hiyohiyo nikapata skrini mpya ya 4K.

Tangu hapo ni mateso. Nikibofya menyu nahesabu sekunde nne au tano ndipo ifunguke. Nikiburuta dirisha linakuja kwa kukatikakatika. Herufi ninazoandika hazionekani, halafu zinamwagika zote kwa mpigo. Nilidhani mashine ina njaa, nikaiongezea RAM kutoka gigabaiti 4 hadi 12, na viini kutoka 2 hadi 8. Ikazidi kuwa nzito, na sasa hata Windows inakwama.

Kwa upande wa skrini, mwanzoni Ubuntu haikujaza kioo. Nikapandisha Video Memory kutoka 16 hadi 128 bila kuelewa ni nini, ikajaza, lakini maandishi yakawa madogo kama sisimizi. Juzi Ubuntu ilijisasisha, na nilipoiwasha ikawa kijidirisha cha 800 kwa 600 katikati ya kioo kikubwa. Nikasoma mahali kwamba niwashe 3D. Nikapata giza tupu, kishale cha mausi peke yake kinaelea.

Rafiki mmoja anasema ninunue kadi ya grafiki. Mwingine anasema RAM ifike 32. Nimeambatanisha picha ya dirisha lenyewe ili ujionee. Hicho kijipicha cha kobe kule chini kulia sikijui, nadhani ni pambo tu.

Wako,
Mwanafunzi wa Usiku


Mwanafunzi wa Usiku, ndugu yangu,

Usinunue kitu. Acha akiba yako mahali ilipo, tuzungumze kwanza habari za huyo kobe.

Si pambo. Kwenye kona ile, mashine iliyo sawa huonyesha kijipicha cha chipu ya buluu chenye herufi V. Kobe wa kijani akikaa hapo, VirtualBox inakwambia kwamba haiitumii prosesa yenyewe moja kwa moja, inapitia kwa mwingine. Hakuna dirisha la onyo linalofunguka wala mlio, na ndiyo maana watu wengi hukaa naye miezi mingi wakidhani kompyuta yao imezeeka.

Iko hivi. Intel ilitoa VT-x mwaka 2005, na AMD ikafuata na AMD-V mwaka 2006. Kwa teknolojia hizo, mashine pepe huachwa itekeleze amri zake papo hapo kwenye prosesa halisi, huku programu moja ikisimamia. Kiti cha msimamizi ni kimoja tu. Ulipowasha WSL 2, Windows ilimwita msimamizi wake yenyewe, Hyper-V, na huyo hukalia kiti mapema sana, kompyuta inapoanza kuwaka, kabla hata hujafika pa kuandika nywila. VirtualBox inapokuja baadaye inakuta kiti kina mwenyewe. Zamani ilikuwa inagoma kabisa kuwaka. Tangu toleo la 6.0, la mwaka 2018, haigomi tena: inamwomba aliyekaa aifanyie kazi yake. Mashine inawaka na kila kitu kinaonekana kipo, ila kila ombi linazunguka njia ndefu.

Usiniamini kwa maneno, hakikisha. Kwenye orodha ya mashine zako bofya jina la Ubuntu kwa kitufe cha kulia, fungua Show Log, kisha tafuta herufi NEM, ambazo ndizo jina la njia hiyo ya kuzunguka. Nategemea utakuta mstari huu, au unaofanana nao wenye AMD-V:

HM: HMR3Init: Attempting fall back to NEM: VT-x is not available

Sehemu ya mwisho ya mstari huo imewapoteza wengi. Wanasoma kwamba VT-x haipo, wanakimbilia BIOS, mipangilio ya chini kabisa ya kompyuta, kuiwasha, wanaikuta imewashwa, wanachanganyikiwa. Wewe usiende huko. Ingekuwa imezimwa, hata WSL 2 isingefanya kazi. VT-x ipo, ila imeshikwa na mwingine.

Sasa una uamuzi wa kufanya, na nakuomba ufanye ukiwa umetulia. Kama somo la WSL 2 limekwisha, fungua Terminali ya Windows kwa haki za msimamizi wa kompyuta, andika:

bcdedit /set hypervisorlaunchtype off

Kisha chagua Restart. Usichague Shut down, kwa sababu kwenye kompyuta nyingi Windows ikizimwa hivyo hulaza sehemu yake ya ndani badala ya kuianza upya, nawe utadhani amri haikufanya kazi. Siku ukiitaka WSL 2 tena, rudia amri hiyohiyo ukiweka auto mahali pa off. Kabla ya yote, kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la data la Windows, hakikisha ufunguo wa kuifungulia umeuandika mahali nje ya kompyuta, maana mabadiliko ya namna ya kuwasha kompyuta yanaweza kuifanya Windows ikuulize ufunguo huo.

Lakini kuna jambo ambalo wanaotoa ushauri huu kwa haraka hawalisemi. Kinga ya Windows iitwayo Memory Integrity, inayozuia draiva mbovu na virusi kujipenyeza hadi ndani kabisa ya mfumo, inamtegemea msimamizi huyohuyo. Ukimwondoa yeye, na kinga hiyo inaondoka. Umesema kompyuta ni ya familia. Kama kuna mtu nyumbani anayebofya kila kinachong'aa, mimi ningeiacha kinga na kuishi na kobe, kisha nikaponya yale mengine nitakayokueleza hapa chini, ambayo peke yake yatakupa nafuu kubwa. Na kuna njia ya tatu: kaa ujiulize kama bado unaihitaji mashine pepe. Kwenye Windows 11, WSL 2 inaweza kufungua hata programu za Linux zenye madirisha. Kama masomo yako ni ya kuandika msimbo na kuuendesha kwenye terminali, huenda unalisha wageni wawili wa kazi moja.

Tukiwa kwenye habari ya wageni. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwako mgeni amekuja na mwenyeji amelala njaa. Windows ndiyo mwenyeji, Ubuntu ndiyo mgeni. Umempa mgeni gigabaiti 12 kati ya 16, na Windows imebaki na 4 za kujilisha yenyewe, kivinjari na VirtualBox. Hazitoshi, kwa hiyo inaanza kuhamishia vitu diskini na kuvirudisha. Mgeni naye anamtegemea mwenyeji kwa kila kitu, kwa hiyo mwenyeji akikwama wanakwama wote wawili. Rudisha RAM hadi 6. Mara chache sana utahitaji zaidi kwa masomo ya kuanzia.

Viini ni kosa lilelile, lakini linaumiza kwa namna isiyoonekana kirahisi. Prosesa yako ina viini vinne halisi. Nane unazoziona ni nyuzi, kila kiini kikijigawa kazi mbili. Mwongozo wa VirtualBox wenyewe unasema usiipe mashine viini kupita vile halisi, na nyuzi zisihesabiwe. Fikiria wafanyakazi wanane wenye ghala moja na ufunguo mmoja. Mmoja ameushika na yuko ndani. Ghafla mwenyeji anamwita kando, kwa sababu Windows nayo inataka prosesa. Saba waliobaki hawawezi kuendelea. Wamesimama mlangoni wakigonga, na kule kugonga kwenyewe kunakula prosesa. Ukiangalia kipimo utaona inafanya kazi kwa asilimia mia, wakati kazi halisi haisogei. Rudi kwenye viini 2. Ukiona panahitajika, jaribu 3, usizidi hapo.

Sasa skrini, na hapa nataka unisome polepole. Barua yako inataja tatizo la kasi na tatizo la skrini kama vitu viwili. Kwa sehemu kubwa ni kimoja.

Chukua karatasi. Skrini ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani 8,294,400. Kila pikseli hushika baiti 4. Picha moja tu ya kioo chako kizima inakula baiti 33,177,600, karibu megabaiti 32. Ndiyo sababu Video Memory ya 16 haikutosha: hata picha moja haiingii. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 inahitaji karibu megabaiti 8 tu. Kwa hiyo kupandisha hadi 128 ulifanya sawa, ingawa ulibahatisha. Acha hapohapo.

Ila kumbuka kwamba ile ni nafasi ya kuweka picha. Haimpi mtu mkono wa kuichora. Nani anachora? Ndani ya Ubuntu sakinisha kifurushi cha mesa-utils, kisha andika glxinfo -B na usome mstari unaotaja renderer, yaani mchoraji. Ukikuta neno llvmpipe, anayechora ni prosesa yako mwenyewe, pikseli kwa pikseli, bila msaada wa kadi ya grafiki. Mazingira ya kawaida ya Ubuntu yanapenda vivuli na madirisha yanayoteleza, na kila mteremko ni kuchora upya. Kwa mara 60 kwa sekunde, kioo cha 4K kinadai pikseli karibu milioni 498 kila sekunde, mara nne ya zile za skrini ya 1920 kwa 1080. Ulibadilisha skrini ukamwongezea mchoraji kazi mara kadhaa, wiki ileile uliyomfanya aombe ruhusa ya prosesa kwa njia ya kuzunguka. Hizo sekunde nne za kusubiri menyu zimetoka hapo.

Dawa yake naipenda kwa sababu inaponya na wale sisimizi pia. Usiiambie Ubuntu ichore 4K. Kwenye mipangilio ya mashine, sehemu ya Display, tafuta Scale Factor na uisogeze hadi asilimia 200. Ubuntu itachora 1920 kwa 1080, robo ya kazi, na mwenyeji ndiye atakayeikuza picha ijaze kioo. Herufi zitakuwa na ukubwa wa kusomeka. Hazitakuwa na ule ukali wa 4K, hilo nakwambia mapema, lakini utaandika neno na kuliona papo hapo.

Utaikuta sehemu hiyo imefifia na haibofyeki kama mashine iko kwenye hali ya Saved. Izime kabisa kutoka ndani ya Ubuntu, si kuilaza, ndipo ubadilishe. Humohumo hakikisha kidhibiti cha grafiki ni VMSVGA, ambacho ndicho cha Linux. VBoxSVGA ni cha wageni wa Windows.

Kuhusu 800 kwa 600: umesema ilianza baada ya sasisho, na hilo linanipa karibu jibu lote. Kinachoifanya Ubuntu ifuate ukubwa wa dirisha ni Guest Additions, programu za VirtualBox zinazosakinishwa ndani ya mgeni, na sehemu yake moja hutengenezwa mahsusi kwa ajili ya keneli (moyo wa mfumo endeshi) uliyonayo. Sasisho lilileta keneli mpya, kile kipande cha zamani hakiingiliani nayo. Ndani ya Ubuntu andika:

sudo apt install build-essential dkms linux-headers-$(uname -r)

Kisha kwenye menyu ya Devices ingiza CD ya Guest Additions, fungua terminali ndani ya folda ya CD hiyo, andika sudo sh VBoxLinuxAdditions.run, subiri imalize, washa upya. Ukishawasha, andika lsmod | grep vboxguest. Ikikurudishia mstari, kuna kipande kilichoingia, ingawa huenda ni kile kinachokuja na keneli ya Ubuntu yenyewe, kwa hiyo soma pia maneno ya mwisho ya usakinishaji. Ikikaa kimya, usakinishaji uligoma mahali, rudi usome maneno yake ya mwisho. Nakusihi usichanganye Guest Additions za kwenye CD na vile vifurushi vya Ubuntu vyenye jina linaloanza na virtualbox-guest. Nimeona mashine zilizopoteza picha kabisa kwa sababu ya kuwa na vyote viwili, kila kimoja kikivuta upande wake.

Kama imeingia na bado dirisha halifuati, toka kwenye akaunti yako. Kwenye ukurasa wa kuandika nywila kuna alama ya gia chini kulia. Ibofye uchague Ubuntu on Xorg, njia ya zamani ya kuonyesha skrini. Kwa Ubuntu 24.04 chaguo hilo bado lipo, na mara nyingi linatosha.

Lile giza la 3D lisikutishe, hujaharibu kitu. Tiki hiyo huomba kadi halisi isaidie kuchora. Ubuntu ilijaribu kuchora kwa njia ambayo VirtualBox haikuweza kuitafsiri kwa kadi yako, ndiyo maana kishale, ambacho huchorwa kivyake, kilibaki kikielea. Zima mashine, ondoa tiki ya 3D, itarudi. Baada ya Guest Additions kukaa sawa, unaweza kuijaribu tena mara moja. Ikikubali, llvmpipe itatoweka kwenye glxinfo na utaona tofauti. Ikikataa, iache. Afadhali kubadilisha mazingira ya Ubuntu kuwa XFCE, ambayo haina mapambo mengi ya kuchora.

Na hapa ndipo ninapompinga rafiki yako wa kadi ya grafiki. Ubuntu yako haiioni kadi yoyote uliyoichomeka. Inaona kadi ya kuigiza ambayo VirtualBox imeiumba kwa programu. Ungetoa fedha yako, ukachomeka kadi ya nguvu, na, 3D ikiwa imezimwa, llvmpipe ingeendelea kuchora kwa prosesa ileile kama vile hakuna kilichotokea. Huyo wa RAM 32 hakukosea sana, lakini dawa yake si ya ugonjwa huu.

Diski nayo ina sehemu yake. Ile ngumu ya zamani, hata ikizunguka mara 7,200 kwa dakika, inachukua milisekunde zaidi ya 8 kumaliza mzunguko mmoja, na mfumo endeshi unaosoma vifaili vidogo maelfu unaisubiri kila mara. Kama SSD ina nafasi, ihamishie mashine huko, lakini tumia chaguo la kuhamisha lililomo ndani ya VirtualBox, usiburute faili kwa mkono, au itapoteza njia yake. Angalia pia snapshoti, yaani nakala za hali ya mashine ya wakati fulani. Kila unayoipiga huanzisha faili jipya juu ya lile la zamani, na mashine inaposoma inalazimika kuyapitia yote. Ukizikuta nyingi, futa zile usizozihitaji. Kufuta huchukua muda na kunataka nafasi diskini kwa sababu mafaili yanaunganishwa, kwa hiyo usikatishe katikati.

Fanya jambo moja, jaribu, andika ulichokiona, ndipo uende kwa la pili. Hesabu sekunde kutoka kubofya hadi menyu ifunguke, kama ulivyokuwa unahesabu. Ningeanza na RAM na viini kwa sababu ni dakika mbili tu, kisha Guest Additions, kisha Scale Factor. Kobe ningemwacha wa mwisho, maana yeye ndiye mwenye gharama ya kinga, na unaweza kukuta huhitaji kumgusa. Kabla ya hatua ya kwanza, nakili kazi zako za masomo nje ya mashine pepe. Snapshoti zinakaa kwenye diski ileile pamoja na mashine. Diski ikifa zinakufa nayo.

Ukikwama, niandikie tena uniwekee vitu viwili: ule mstari wa NEM kama ulivyo, na jibu lote la glxinfo -B.

Wako,
Mshauri